Maisha ya Nina Mae McKinney, Mchezaji wa Senema

Mwaka 1935 ilitolewa mjini London filamu iitwayo Sanders of the River. Ukipata nafasi ya kuitazama, msomaji, utaona mto mpana, mitumbwi, wapiga ngoma, na kijiji kizima cha Kiafrika ambacho kilijengwa katika uwanja wa kutengenezea picha nchini Uingereza. Miongoni mwa wanaume waliovikwa ngozi na manyoya wakasimamishwa kama majumbe wa kijiji hicho alikuwamo mtu mmoja kutoka Kenya, aliyekuwa akiishi London kwa dhiki na kuyahitaji malipo yale. Jina lake ni Jomo Kenyatta. Miaka 28 baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa nchi yake, na mwaka 1964 akawa Rais wake wa kwanza. Kwa sababu hiyo habari ya kuwamo kwake katika filamu ile imesimuliwa mara nyingi.

Leo, hata hivyo, sikukusudia kukusimulia habari za Mzee Kenyatta. Nakuomba umtazame mwanamke kijana anayecheza nafasi ya Lilongo, mke wa jumbe Bosambo. Ni mwembamba, macho yake maangavu, na sauti yake nyepesi. Wengi waliokwenda kuitazama picha hiyo hawakuuliza jina lake. Lakini miaka sita tu kabla ya hapo alikuwa amefanya jambo ambalo hapana mwanamke mweusi wa Marekani aliyekuwa amelifanya kabla yake katika filamu kubwa yenye sauti: alikuwa mchezaji mkuu, tena si mtumishi wa mtu. Aliitwa Nina Mae McKinney. Alipofanya hivyo alikuwa na umri wa miaka 16, yaani pengine umri wako wewe unayesoma ukurasa huu.

Alizaliwa tarehe 12 Juni, 1912, katika mji mdogo wa Lancaster, jimbo la South Carolina, kusini mwa Marekani. Wazazi wake walimpa jina la Nannie Mayme. Hilo la Nina Mae ndilo lililojulikana baadaye jukwaani. Utumwa ulikuwa umekomeshwa huko tangu mwaka 1865, lakini wazee waliozaliwa utumwani walikuwa bado hai alipokuwa mtoto, na sheria za jimbo ziliwatenga watu kwa rangi zao shuleni, katika magari ya moshi, na hata mahali pa kunywea maji. Wazazi wake walipohamia New York kutafuta kazi, kama walivyofanya maelfu ya watu weusi wa kusini katika miaka hiyo, mtoto aliachwa nyuma kwa jamaa yake mmoja, mwanamke wa makamo, aliyekuwa mtumishi katika nyumba ya tajiri Leroy Springs, mwenye viwanda vya kufuma nguo za pamba. Basi Nina alikulia ubavuni mwa jumba la fahari, akiyajua mambo ya jumba hilo kwa kupitia mlango wa jikoni. Naomba ulikumbuke jambo hili, maana tutalirudia.

Alipokuwa na miaka kama 12 au 13 aliwafuata wazazi wake New York. Hapakuwa na chuo kilichomfundisha kucheza dansi wala kuimba. Alijifunza kwa kutazama wengine, na kwa kurudia alichokiona mpaka mwili ukakizoea. Mwaka 1928 akapata kazi katika onyesho la nyimbo na dansi lililoitwa Blackbirds of 1928, ambalo lilifunguliwa Broadway mwezi wa Mei mwaka huo na kuchezwa mara 518. Wakuu wa onyesho hilo walikuwa Adelaide Hall na yule mcheza dansi mashuhuri Bill Robinson. Nina hakuwa mkuu. Alikuwa mmoja tu wa wasichana wa nyuma, wale wanaosimama kwa safu, huvaa sare moja na kuinua mguu kwa wakati mmoja, ambao kazi yao hasa ni kutotofautiana.

Ndipo alipokuja kuketi miongoni mwa watazamaji mwongozaji wa filamu, Mzungu wa Texas aitwaye King Vidor.

Inafaa nieleze kwanza hali ya senema ilivyokuwa. Tangu kuanza kwake senema ilikuwa bubu. Watu walionekana wakisema, na maneno yao yakasomwa katika maandishi. Mwishoni mwa mwaka 1927 ilitokea filamu ya The Jazz Singer, ambayo watu walisikia ndani yake sauti ya mwimbaji, na kwa muda mfupi kila kampuni ikawa mbioni kutafuta waimbaji. Vidor alikuwa amekuwa na nia kwa miaka mingi ya kutengeneza picha juu ya maisha ya watu weusi wa kusini, aliowaona utotoni mwake, na wakuu wa kampuni ya MGM walikuwa wamemkatalia kila alipowaendea. Sasa alipata hoja mpya: hapana nyimbo zenye nguvu kuliko za watu hao. Hata hivyo wenye fedha walisita. Vidor akaahidi kuutoa mshahara wake mwenyewe kuwa rehani katika gharama za kazi hiyo, na hapo wakakubali. Huenda walikubali kwa kuwa hasara ya kwanza ingekuwa yake. Nia njema ya mtu mmoja na hesabu ya biashara ya wengine zilikutana mahali pamoja, na kwa mkutano huo mlango ukafunguka kidogo.

Vidor alieleza baadaye kwamba jicho lake lilivutwa na msichana aliyekuwa wa tatu kutoka kulia katika safu ile. Kati ya wote waliofundishwa kufanana, yeye alishindwa kufanana. Ikatokea kwamba nafasi ya Chick, mwanamke mkuu katika filamu mpya iliyoitwa Hallelujah, ikawa yake.

Filamu ilipigwa sehemu kubwa katika mashamba na vinamasi vya Tennessee na Arkansas, na kazi ilikuwa ngumu kuliko ilivyotazamiwa. Magari yenye vyombo vya kunasa sauti hayakufika kwa wakati. Vidor akaamua kupiga picha zake bila sauti, kwa mtindo wa zamani, kisha sauti ikatiwa baadaye huko Hollywood, neno kwa neno na wimbo kwa wimbo, ikipatanishwa na midomo ya wachezaji. Kazi hiyo iliwatoa jasho mafundi. Lakini hasara ile ilikuwa na faida yake. Filamu nyingi za sauti za mwaka ule zimetuama kama maji ya dimbwi, kwa sababu wachezaji walilazimika kusimama karibu na chombo cha sauti kilichofichwa ndani ya chombo cha maua au nyuma ya pazia. Katika Hallelujah kamera inatembea, watu wanakimbia, umati unayumba kwa maombi kando ya mto.

Kisa chenyewe ni cha Zeke, kijana mkulima wa pamba, anayechezwa na Daniel Haynes. Baada ya kuuza pamba ya familia yake anakutana na Chick, msichana anayecheza dansi kilabuni, naye kwa kushirikiana na mwanamume wake anamlaghai Zeke fedha zote katika kamari. Ugomvi unazuka, na katika ugomvi huo mdogo wake Zeke anauawa kwa risasi. Zeke anatubu na kuwa mhubiri. Chick anakuja kumcheka, mahubiri yanamshika naye anatubu pia. Kisha majaribu yanawarudia wote wawili, na mwisho wake ni mauti.

Ukikisoma kisa hicho kwa ufupi namna hii utasema kwamba Chick ni yule mwanamke mbaya wa hadithi zote, na hutakuwa umekosea. Walikuwako watu weusi wa Marekani waliolalamika tangu wakati ule kwamba picha inawaonyesha kama watu wa dansi, kamari na kilio cha dini tu, na malalamiko yao yalikuwa na haki. Lakini mtazame McKinney akiicheza nafasi hiyo. Chick wake ni mlaghai, na papo hapo ni mtoto. Anadanganya kwa furaha kama anayecheza mchezo wa kujificha, na anapotubu anatubu kwa mwili mzima, tena huwezi kujua kama anajidanganya mwenyewe au la. Katika kilabu anaimba na kucheza wimbo uliotungwa na Irving Berlin, na miguu yake inakwenda kana kwamba haikufundishwa na mtu, jambo ambalo, kama nilivyokwisha kusema, lilikuwa kweli. Wachezaji wengi wakongwe wa siku zile, waliozoea senema bubu, waliishangaa sauti na kuiogopa. Yeye aliizaliwa nayo.

Filamu ilifunguliwa New York tarehe 20 Agosti, 1929, na namna ilivyofunguliwa ni somo zima la historia. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika nyumba mbili za senema usiku mmoja: moja katikati ya mji karibu na Times Square, nyingine Harlem, mtaa wa watu weusi. Kusudi lilikuwa kwamba Wazungu waende kule na weusi waende huku, wasikae pamoja kuitazama picha ya watu weusi. Watu wa Harlem walilielewa kusudi hilo mara moja na wakalipinga. Huko kusini wenye nyumba za senema wengi walikataa kabisa kuikodi filamu hiyo. Hata hivyo wahakiki waliisifu, Vidor akapendekezwa kwa tuzo ya mwongozaji bora, na msichana wa Lancaster akasifiwa katika magazeti. MGM wakampa mkataba wa miaka mitano. Inasemekana kwamba hapana mchezaji mweusi kabla yake aliyepewa mkataba mrefu wa namna hiyo na kampuni kubwa ya Hollywood.

Sasa, msomaji, jiulize: mtu wa miaka 17, mwenye sura nzuri, sauti, dansi, sifa za wahakiki, na mkataba wa miaka mitano katika kampuni iliyo tajiri kuliko zote, ungetazamia afanye picha ngapi kuu katika miaka hiyo mitano? MGM hawakumpa hata moja.

Hawakumchukia. Pengine ingekuwa rahisi kueleza kama wangemchukia. Mambo yalikwenda kwa hesabu. Filamu ni bidhaa ya gharama kubwa, na ili irudishe fedha zake yapasa iuzwe katika majimbo yote. Wenye nyumba za senema wa kusini walikuwa wameonyesha kwamba hawatakodi filamu ambayo mtu mweusi ni mkuu ndani yake. Kwa hiyo filamu za watu weusi peke yao zilikuwa chache mno, na katika filamu za Wazungu mwanamke mweusi aliweza kuwa mpishi, yaya au mfuaji. McKinney alikuwa kijana na mzuri. Hakufaa kuwa mpishi mnene wa kuchekesha, na nafasi ya mpenzi wa mchezaji mkuu Mzungu haikuwezekana kwake. Mwaka 1930 makampuni ya filamu yaliandika kanuni za kujiongoza katika mambo ya adabu, na toka mwaka 1934 kanuni hizo zikatumiwa kwa ukali. Mojawapo ilikataza waziwazi kuonyesha mapenzi kati ya Mzungu na mtu mweusi. Kwa hiyo, kwa maandishi kabisa, hapakuwa na hadithi ambayo angeweza kuwamo. Mkataba wake ulikuwa kama ufunguo mzuri wa fedha uliotengenezwa kwa mlango usiokuwako.

Alipewa vipande vipande. Mwaka 1931, katika filamu ya kampuni nyingine iitwayo Safe in Hell, alicheza kama mwanamke anayeangalia hoteli kisiwani, naye na Clarence Muse ndio watu wawili wenye heshima katika picha nzima iliyojaa wahalifu wa kizungu. Humo aliimba wimbo ambao Muse mwenyewe alishiriki kuutunga. Mwaka 1932 alionekana katika filamu fupi pamoja na mpiga piano Eubie Blake na wale ndugu wawili wa Nicholas, wacheza dansi, waliokuwa bado watoto. Na mwaka 1935 MGM walimtia kwa muda mfupi, akiimba, katika filamu ya nyota wao Mzungu, Jean Harlow.

Akafanya kama Josephine Baker alivyofanya mwaka 1925: akavuka bahari. Katika miaka ya mwanzo ya 1930 aliimba Paris, London na miji mingine ya Ulaya, na watu wakamwita Garbo Mweusi, kwa kumfananisha na Greta Garbo, mchezaji mkubwa wa Sweden aliyekuwa MGM. Huenda ilikuwa sifa. Lakini fikiri kidogo juu ya jina hilo: mwanamke anapewa heshima kwa kuazimwa jina la mwingine, na rangi yake inawekwa kama alama ya kutofautisha. Garbo hakuitwa McKinney Mweupe na mtu yeyote.

Ni huko London alikopata nafasi ya Lilongo, na hapa tunarudi katika kijiji kile kilichojengwa uwanjani. Sanders of the River ilitengenezwa na ndugu wawili wa Hungaria, Alexander na Zoltan Korda, kutokana na hadithi za mwandishi Mwingereza Edgar Wallace. Zoltan alikuwa amesafiri Afrika kwa miezi kadhaa akipiga picha za ngoma, nyimbo na mito, na picha hizo za kweli ndizo zilizompendeza Paul Robeson, mwimbaji mkubwa mweusi wa Marekani, akakubali kucheza nafasi ya Bosambo. Robeson wakati huo alikuwa na kiu ya kuijua Afrika. Alijiandikisha katika chuo kimoja cha London kusoma lugha za Kiafrika, na mojawapo ilikuwa hii hii unayoisoma sasa, Kiswahili. Alidhani filamu ingeonyesha heshima ya mila za Waafrika.

Ilipotoka, ilikuwa sifa ya utawala wa kikoloni toka mwanzo hata mwisho. Sanders ni mkuu wa wilaya katika Nigeria. Akiwapo pana amani, akiondoka kwenda likizo pana vita, akirudi amani inarudi naye. Bosambo ni jumbe mwaminifu kwa bwana wake. Mfalme mkorofi Mofolaba anamteka Lilongo. Bosambo anakwenda kumwokoa naye anafungwa. Mume na mke wamefungwa mitini wakingoja kifo, na Sanders anafika kwa meli yake na askari wake wenye bunduki za mtombo. Robeson alisema wazi baadaye kwamba alidanganywa, kwa kuwa mambo ya kuusifu utawala yaliingizwa mwishoni mwa kazi, naye akaikana picha hiyo.

Malalamiko ya Robeson yameandikwa katika vitabu vingi, na inafaa yaandikwe. Ya McKinney hayakuandikwa. Alikuwa na miaka 22 hivi alipoipiga picha hiyo, na kazi yake ilikuwa kuolewa, kuimba, kutekwa na kuokolewa. Amevikwa shanga na nguo ambazo hazikuwa za watu wowote wa Afrika, bali zilibuniwa na fundi wa nguo wa London kwa macho ya watazamaji wa London. Nyusi zake zimenyolewa na kuchorwa kwa mtindo wa Hollywood, jambo ambalo limewachekesha watazamaji wengi tangu siku hiyo. Mimi sioni la kumcheka. Tazama ni nani waliokutana katika uwanja ule: binti wa Lancaster aliyekatazwa kuwa mwanamke wa kawaida katika filamu za nchi yake, akalipwa kuwa Mwafrika, Robeson, mwana wa mtu aliyetoroka utumwani, akitafuta Afrika katika kijiji cha maonyesho, mabaharia na vibarua weusi waliokusanywa kutoka bandari za Uingereza kama umati, na Kenyatta, Mwafrika wa kweli kati yao, ambaye nchi yake ilikuwa chini ya akina Sanders kadha wa kadha, amevikwa manyoya asiyoyavaa kwao. Kila mmoja alikuwa amevaa nguo aliyokatiwa na mwingine. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1938, Kenyatta alitoa kitabu chake Facing Mount Kenya, akaeleza mwenyewe mila za Wakikuyu kwa kalamu yake. McKinney hakuwa na kalamu wala kamera. Mchezaji wa senema hawezi kujisemea mpaka mwingine amwandikie maneno.

Kabla hajaondoka Uingereza alipata jambo moja la kuvutia. Televisheni ya BBC ilikuwa imeanza kutangaza kwa utaratibu mwezi wa Novemba mwaka 1936, kwa nyumba chache tu za London zilizokuwa na mashine yake, na mwaka 1937 McKinney aliimba humo. Kwa hiyo yumo miongoni mwa watu weusi wa kwanza kuonekana katika televisheni popote duniani.

Aliporudi Marekani alikuta wapo watengenezaji wadogo wa filamu za watu weusi kwa watu weusi, zilizoonyeshwa katika nyumba za senema za mitaa yao. Filamu hizo zilitengenezwa kwa siku chache na kwa fedha kidogo, sauti ikakwaruza na taa zikapungua. Lakini ndani yake mtu mweusi aliweza kuwa daktari, wakili, tajiri au mwizi, yaani mtu. Mwaka 1938 McKinney alicheza katika mojawapo kama askari kanzu wa kike anayejifanya mwimbaji ili awanase majambazi wa Harlem. Mwaka uliofuata alikwenda Jamaica, akacheza The Devil's Daughter kama dada anayegombea shamba la urithi kwa kumtisha nduguye kwa mambo ya uchawi. Si picha nzuri sana, kusema kweli, lakini yeye ndiye anayeibeba.

Katika Hollywood yenyewe mwaka 1940 Hattie McDaniel alipata tuzo ya Oscar kwa kucheza yaya katika Gone with the Wind, akiwa mtu mweusi wa kwanza kuipata, na usiku huo aliketishwa kwenye meza ya peke yake, mbali na wenzake. Hiyo ndiyo njia iliyokuwa wazi, nayo McKinney, baada ya miaka kadhaa ya kuzunguka na bendi, akaifuata. Mwaka 1944 alicheza mtumishi katika filamu ya Dark Waters. Mwaka 1946, mtumishi tena. Mwaka 1947, mtumishi. Mtoto aliyekulia nyuma ya jumba la Springs alirudishwa jikoni, safari hii kwa malipo ya Hollywood.

Katika Dark Waters bibi anayetumikiwa alichezwa na Merle Oberon, aliyejulikana wakati huo kuwa Mzungu aliyezaliwa Tasmania. Ilikuja kujulikana baadaye kwamba Oberon alizaliwa Bombay mwaka 1911, naye alikuwa chotara wa Kihindi na Kizungu aliyeificha asili yake maisha yake yote, maana isingefichwa asingepata kuwa bibi wa nyumba katika picha yoyote. Wanawake hao wawili walisimama mbele ya kamera moja, mmoja amebeba sinia na mwingine amebeba siri.

Mwaka 1949 ilitoka filamu ya Pinky, iliyoongozwa na Elia Kazan. Kisa chake ni cha muuguzi mweusi ambaye rangi yake ni nyeupe hata watu wanamdhani Mzungu. Utadhani hatimaye imepatikana nafasi kuu ya mwanamke mweusi. Alipewa Jeanne Crain, Mzungu, naye akapendekezwa kwa tuzo. Sababu si ngumu kuiona: katika kisa hicho muuguzi ana mchumba wa kizungu, nao wanabusiana, na watengenezaji walitaka kila mtazamaji ajue moyoni kwamba wanaobusiana ni Wazungu wawili. McKinney alipewa nafasi ya Rozelia, mwanamke mgomvi anayeficha wembe ndani ya soksi. Anaonekana kwa dakika chache. Askari wawili wa kizungu wanakuja kuamua ugomvi. Wanamstahi Pinky kwa kumdhani wa rangi yao, na kumshika Rozelia kwa ukatili. Kisha wanaambiwa Pinky ni nani, na adabu yao inatoweka mara moja. Nadhani ni dakika zilizo na ukweli mwingi kuliko nyingine zote katika filamu hiyo, na ukweli huo unatokana na uso wa McKinney, kwa sababu kati ya wanawake wawili wanaogombana hapo yeye peke yake hakuwa akiigiza rangi.

Baada ya nafasi ndogo katika Copper Canyon, mwaka 1950, senema ilikwisha kwake. Alikuwa na miaka 38. Alifariki New York kwa ugonjwa wa moyo tarehe 3 Mei, 1967, akiwa na miaka 54, katika kimya kikubwa. Kanuni zile za makampuni zilizomfungia njia zilifutwa mwaka uliofuata, 1968.

Mwaka 1978, ambao ndio mwaka aliofariki Mzee Kenyatta, jina la McKinney liliingizwa katika orodha ya heshima ya watengenezaji filamu weusi wa Marekani. Mwaka 2008 Maktaba ya Bunge la Marekani iliitia Hallelujah katika hazina ya filamu zinazohifadhiwa kwa taifa lote, kwa hiyo picha ile haitaachwa ioze kama zilivyooza nyingi za wakati wake. Humo kilabuni wapigaji wanaanza, wateja wanasogea kando, na msichana wa miaka 16 anatoka katikati ya watu, peke yake, bila safu.